Miguu ya Baridi

"Tulia na huo mguu, mwanangu. Hina haijashika."

Mwatumu akatulia. Alikuwa amekaa mkekani, chumbani kwa mama yake, Manundu, Korogwe mjini, mguu wa kulia umelazwa mapajani mwa Bi Hajira, somo yake, aliyekuwa akimchora maua kuanzia kidole gumba kupanda kifundoni. Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi baada ya adhuhuri angeolewa na Mwalimu Ukasha wa Handeni, na tangu wiki ianze alikuwa haruhusiwi kutia pua nje. Kazi yake ilikuwa kusingwa, kulishwa na kufundwa. Mguu wa kushoto ulikuwa bado unangoja zamu yake.

Simu ikalia kando ya mto. Jina la Ukasha liliwaka, na Mwatumu akatabasamu kabla hata hajaugusa ujumbe, maana katika siku hizi za kutoonana hakuwa na kitu kingine cha kumpoza moyo. Akaufungua. Tabasamu likamkauka midomoni.

"Kaka, I have cold feet. Usimwambie Mwatumu."

Aliusoma tena. Alipotaka kuurudia, maneno yalitoweka mbele ya macho yake, pakabaki taarifa tu kwamba ujumbe umefutwa.

"Nani huyo?" aliuliza Bi Hajira bila kuinua uso.

"Ukasha. Amekosea, somo. Alikuwa anamwandikia rafiki yake."

"Anasemaje?"

Kiingereza cha Mwatumu kilikuwa cha kidato cha nne, lakini maneno yale hayakuhitaji hata kidato cha kwanza. Baridi. Miguu. Na yeye Mwatumu asiambiwe.

"Anasema miguu yake imekuwa ya baridi."

Mkono wa Bi Hajira ulisimama katikati ya ua. Mama huyu alikuwa amewaosha marehemu wengi wa mtaa ule, na kabla ya kuwaosha alikuwa amekaa na wagonjwa wengi katika saa zao za mwisho. Alijua ndugu wanashika nini kwanza wanapotaka kujua kama mtu anabaki au anakwenda. Wanashika miguu.

"Labda ni hali ya hewa," alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

"Angekuwa Lutindi kule milimani ningekubali. Yuko Misima kwa mama yake, somo. Jua la Misima unalijua."

Kilichomtisha Mwatumu zaidi ni jambo ambalo Bi Hajira hakulijua. Siku moja, mwaka jana, Ukasha alimsimulia jinsi baba yake, Mzee Mdoe, alivyofariki. Aliamka asubuhi ya kiangazi akilalamika kwamba miguu yake ina baridi. Mkewe akakaa kwenye kigoda akaikanda, akaichua kwa mafuta, akaifunga kwa kanga, na haikupata joto. Kabla ya alasiri mzee alikuwa ameshafumbwa macho. Moyo, walisema watu wa hospitali baadaye. Ukasha alikuwa mtoto wa darasa la tano, amesimama mlangoni, anaona yote.

Mwatumu alipiga simu ya mchumba wake. Haipatikani. Akapiga tena, na tena, na yule mwanamke wa mtandao akamjibu kwa sauti ileile tamu isiyojua shida ya mtu. Akampigia Godlisten, mwalimu mwenzake Ukasha, ambaye ndiye aliyekusudiwa kuupata ujumbe.

"Shemeji, habari za maandalizi?" alisema Godlisten kwa uchangamfu.

"Shemeji, Ukasha ana nini?"

"Kwani vipi?"

"Ujumbe wake wa kwako umekuja kwangu. Nimeusoma."

Godlisten alishusha pumzi ndefu. "Pole, shemeji. Sikupenda ulijue kwa njia hiyo."

Mwatumu aliuma mdomo. Kumbe ni kweli. "Imemwanza lini?"

"Juzi, alipojaribu nguo ya harusi. Tangu hapo hali wala halali. Mimi nimemwambia ajikaze, Jumamosi ikishapita itakuwa imekwisha."

"Itakwishaje yenyewe? Amekwenda hospitali?"

"Hospitali?" Godlisten alionekana kushangaa. "Hapana, shemeji. Hili si la hospitali."

Katika maisha yake yote Mwatumu alikuwa amesikia maneno hayo yakisemwa kwa sauti ya chini kuhusu wagonjwa fulani, na kila aliyesemwa hivyo alikuwa amechezewa na mtu.

"Hata mimi lilinipata karibu na ndoa yangu," Godlisten aliendelea, akidhani anafariji. "Nilikuwa natetemeka. Mchungaji alikuja akakaa na mimi, akaniombea, likaondoka."

Mwatumu alikata simu. Alimtazama Bi Hajira kwa macho yaliyojaa maji.

"Anasema si la hospitali. Anasema alianza kuumwa baada ya kuvaa nguo ya harusi."

"Mungu apishe mbali," alinong'ona Bi Hajira.

"Nakwenda Misima."

"Huendi popote. Mwali hatoki, na akitoka haendi kwa mume. Unamjua mama yake. Bi Maryamu hadi leo anasema watu wa makambi ya mkonge hawana kwao. Akikuona mlangoni kwake siku mbili kabla ya ndoa, hiyo ndoa itavunjika kabla haijafungwa, na sisi tutakuwa tumempa sababu mkononi."

Hilo lilikuwa kweli, na Mwatumu alilijua kuliko mtu yeyote. Babu yake alikuja kutoka mbali kukata mkonge, akazeeka kambini, akazikwa hukohuko. Bi Maryamu, ambaye ukoo wake umelima Misima tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka, alichukua karibu mwaka mzima kukubali. Mahari ilipopokewa alisema mbele ya watu kwamba anakubali kwa sababu mwanawe amemchosha.

"Somo, ingekuwa wewe ungekaa hapa upakwe maua?"

Bi Hajira alichukua kitambaa chenye maji, akaifuta ile hina ambayo haijakaa vizuri, akavua baibui lake kubwa, akamtupia.

"Jifunike uso. Nitawaambia kichwa kinakuuma, umelala. Jua likizama hujarudi, mimi nitakuwa sina la kusema."

*

Kituoni, kabla ya kupanda gari la Handeni, Mwatumu alinunua soksi. Zilikuwa nene, za kijivu, za kuvaliwa na watu wa nchi za theluji, na sijui zilifikaje kwenye meza ya mitumba ya Korogwe. Muuzaji alimcheka kwa kununua kitu kama hicho katika joto lile. Mwatumu hakumsikia.

Gari liliondoka. Alikaa dirishani, mkononi chupa ya mafuta ya karafuu aliyotoka nayo nyumbani, na mawazo yakamrudisha kule alikokutana na Ukasha kwa mara ya kwanza, kwa sababu moyo wenye hofu hupenda kujitesa kwa mambo mazuri.

Alikuwa akifanya kazi katika duka la kuchapa na kutoa kopi, karibu na stendi ya Korogwe. Mwalimu mmoja mrefu, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi upande mmoja tu, aliingia na mtihani wake wa Kiingereza ulioandikwa kwa mkono. Mwatumu alipofika swali la nne aliacha kuchapa.

"Mwalimu, hapa umeandika mzee amepiga teke ndoo. Halafu unawauliza watoto wafiwa walifanya nini. Wafiwa wametoka wapi?"

Ukasha alicheka mpaka akashika meza. "Ni nahau. Maana yake mzee amekufa."

"Kwa kupiga teke ndoo?"

"Sisi tunasema amekata kamba. Kamba ipi?"

Mwatumu alifikiri akakubali kwamba kamba hakuna. "Sasa hiyo ndoo inatokana na nini?"

"Hakuna anayejua kwa hakika. Wapo wanaosema ni mtu aliyetaka kujinyonga, akapanda juu ya ndoo, akaisukuma. Wengine wanasema ni jina la zamani la mti wa kuning'inizia nguruwe wa kuchinjwa, ambaye naye hurusha miguu."

"Wazungu nao. Kila kitu nguruwe."

"Subiri ufike swali la saba. La kumtoa paka kwenye mfuko. Wanasema sokoni mtu aliuziwa kitoto cha nguruwe ndani ya gunia, kufungua akatoka paka, siri ikatoboka."

"Bora paka. Kitoto cha nguruwe ningempelekea nani nyumbani?"

Tangu siku hiyo Ukasha alileta mitihani Korogwe, ilhali Handeni mjini kuna maduka ya kuchapa mpaka ya kukwaza. Kila alipokuja alikuwa na nahau mpya, na kila mara Mwatumu aliuliza swali lake lilelile: inatokana na nini? Baadaye sana, siku aliyomwambia anampenda, alimwambia kwa Kiswahili, na Mwatumu akauliza hivyohivyo, inatokana na nini, na Ukasha hakuwa na jibu.

Sasa wewe unayesoma unaweza kusema, msichana aliyechapa nahau nyingi namna hiyo alishindwaje kuishtukia moja? Mimi nakuambia jaribu kuwa na mchumba ambaye baba yake alikufa miguu ikiwa baridi, kisha uletewe ujumbe ule, uone kama utakumbuka maswali ya mtihani. Mwatumu alikuwa akiomba njia nzima. Kila simu ilipolia garini alishtuka, akidhani ni habari za mtu wake zinaletwa. Alimwona Ukasha amelazwa. Aliona wanaume wakichukua jeneza. Alijiona mwenyewe, hina mguu mmoja, akiambiwa yeye si mke, hana eda, arudi kwao.

Misima aliteremka akachukua bodaboda mpaka kwenye nyumba ya bati jekundu nyuma ya shamba la mihogo. Uwanjani hapakuwa na watu waliokusanyika, na hilo lilimpa nafasi ya kuvuta pumzi. Bi Maryamu alikuwa peke yake, anaanua mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Mwatumu alifunua uso. Ungo ulimshuka Bi Maryamu mpaka magotini.

"Wewe? Umetoka ndani?" Macho yake yalimteremka mpaka miguuni, kwenye kandambili, yakaona ua la rangi ya chungwa upande mmoja na ngozi tupu upande wa pili. "Na hina ya mguu mmoja. Nilisema mimi. Nilisema watu hawa hawana mila, nikaambiwa nina roho mbaya."

"Mama, utanisema baadaye, nitakaa nisikilize yote. Yuko wapi?"

"Chumbani mwake. Anajifungia tangu juzi, ananiambia ana kazi za shule."

"Ni mzima?"

"Kwa nini asiwe mzima?" alisema Bi Maryamu, lakini uso ulikuwa umeanza kumbadilika. "Una nini wewe? Mbona unatetemeka?"

Mwatumu hakuweza kulitamka mbele ya mwanamke yule, aliyeikanda miguu ya Mzee Mdoe. Alimpita, akaingia ndani.

*

Ukasha alikuwa amekaa kitandani, miguu chini sakafuni, simu iliyozimwa kando yake. Ukutani, kwenye msumari, ilining'inia kanzu nyeupe yenye darizi shingoni. Alipomwona Mwatumu aliruka kusimama.

"Mwatumu."

"Kaa."

"Nisikilize kwanza, ule ujumbe..."

"Nimesema kaa, Ukasha. Usisimame. Usijichoshe."

Akapiga magoti sakafuni, akafungua chupa ya mafuta, akaushika mguu wa Ukasha kwa mikono yote miwili. Alianza kukanda kama alivyofundishwa, kuanzia kisigino kupanda juu, kwa nguvu, bila kumtazama usoni kwa sababu aliogopa kitu atakachokiona.

Kisha mikono yake ikapunguza mwendo. Akashika mguu wa pili. Akaurudia wa kwanza.

"Mbona ina joto?" alisema.

Ukasha alijaribu kuuvuta mguu.

"Miguu yako ina joto. Ina joto kuliko mikono yangu." Aliinua uso, na kwa muda mfupi sana furaha ilimjaa hadi akataka kucheka. "Imepona?"

"Haikuwa inaumwa." Ukasha alijifuta uso kwa kiganja. "Mwatumu, ile ni nahau."

Furaha yote ilimshuka, na mahali pake pakaingia hofu nyingine, iliyotulia, mbaya kuliko ile ya kwanza.

"Nahau ya nini?"

"Mtu akisema miguu yake imekuwa ya baridi, maana yake ameogopa. Amekubali jambo, halafu likikaribia anataka kurudi nyuma."

"Jambo gani?"

Ukasha aliinamisha kichwa. Nje kuku walikuwa wakidonoa mahindi na hakuna aliyewafukuza.

"Inatokana na nini?" aliuliza Mwatumu.

"Mwatumu, tafadhali."

"Siku zote unaniambia. Niambie na hii."

"Hakuna anayejua kwa hakika. Wapo wanaosema ni askari wa zamani. Miguu ikiganda kwa theluji, hawawezi kwenda vitani. Wengine wanasema ni wacheza karata. Anayetaka kuondoka mezani anasingizia miguu ina baridi."

"Na wewe ni yupi? Askari au mcheza karata?"

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Nimetoka ndani, nimejifunika baibui la watu, mama yako ameniona na ameshanihukumu. Nilikuja kukuzika, Ukasha. Nakukuta mzima, unataka kuniacha, na umemwambia rafiki yako mimi nisiambiwe. Halafu ukazima simu."

"Nilizima kwa sababu niliona umeusoma. Niliogopa ungepiga."

"Nilipiga."

Machozi yalimtoka sasa, na hakuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta. Ukasha alimtazama. Alinyoosha kidole kuelekea ukutani.

"Ile kanzu ni ya baba," alisema mwishoni. "Mama aliitunza miaka yote. Juzi aliitoa, akaniambia niijaribu, akasema kama hainitoshi fundi ataipunguza. Imenikaa, Mwatumu. Mabega, mikono, urefu, kama vile nimepimwa mimi. Mama akalia kwa furaha. Akasema, baba yako alikuwa na umri huohuo wako aliponioa. Nilijitazama kwenye kioo nikamwona yeye."

Aliondoa macho kwenye kanzu.

"Nilimwona mama pia, siku ile kwenye kigoda, anakanda. Nikakuona wewe umekaa pale. Nikasema siwezi kumfanyia mtu hivi. Si kwamba sikupendi. Ningekuwa sikupendi ningekuoa bila wasiwasi."

Mwatumu alikaa chini kabisa, mgongo umeegemea ukuta. Hasira ilikuwepo, na upendo ulikuwepo, na vyote viwili vilimuuma mahali pamoja. Alitaka kumshika. Alitaka pia kumpiga na ile chupa.

"Kwa hiyo unaogopa kwamba siku moja nitakaa nakukanda miguu, na haitapata joto," alisema taratibu.

"Ndiyo."

"Mimi leo nimetoka Korogwe nikijua siku hiyo ndiyo leo. Njia nzima. Nimekuona umefunikwa shuka. Nimeona jeneza. Nimeiogopa siku hiyo yote, mpaka mwisho wake, na bado nimekuja." Aliinuka. "Wewe umeikimbia kabla haijafika."

"Mwatumu."

"Unafikiri mimi siogopi? Naogopa mama yako. Naogopa Jumamosi watu wakae kwenye mkeka, shekhe aangalie saa, mama yangu atoke nje kuchungulia barabara. Sasa hivi naogopa kuliko wakati wowote. Lakini nikiogopa nakuambia wewe."

Alizitoa zile soksi kwenye mfuko wa baibui, akaziweka kitandani kando ya simu iliyozimwa. Ukasha alizitazama kana kwamba hajui ni kitu gani.

"Sikulazimishi," alisema Mwatumu. "Lolote utakaloamua, niandikie. Ila niandikie kwa Kiswahili, nisije nikaelewa vibaya tena."

Alipogeuka, Bi Maryamu alikuwa mlangoni. Alikuwa amesimama palepale ambapo zamani alisimama mtoto wa darasa la tano, na kwa jinsi uso wake ulivyokuwa, alikuwa amesimama kitambo. Macho yake hayakuwa kwa mwanawe. Yalikuwa kwenye chupa ya mafuta na alama za magoti kwenye vumbi la sakafu.

"Twende," alimwambia Mwatumu. "Tutapita mihogoni, majirani wasikuone."

*

Waliifuata njia nyembamba katikati ya mihogo. Bi Maryamu alitangulia. Mwatumu alimfuata akingoja lile aliloahidi kulisikiliza lote. Karibu na barabara mama yule alisimama, akajitoa kanga ya pili mabegani, akamfunika Mwatumu juu ya baibui mpaka karibu na macho.

"Nani alikufundisha kukanda kuanzia kisigino?"

"Bibi yangu, mama. Kambini watu walikuwa wanarudi na miguu imevimba. Alikuwa anawakanda."

Bi Maryamu aliitika kwa kichwa. "Ndiyo hivyo. Kuanzia kisigino." Alitazama upande wa nyumba kwa muda. "Huyu angeniuliza mimi kama nilijuta kuolewa na baba yake. Kasoma vitabu vyote, hilo hakuuliza."

"Ulijuta, mama?"

"Mpaka leo nalala upande mmoja wa kitanda. Ningekuwa najuta ningelala katikati."

Gari la Korogwe lilionekana kwa mbali. Bi Maryamu aliinama, akautazama mguu wenye hina, kisha ule usio na kitu.

"Mwambie somo yako asikuache na mguu mmoja. Jumamosi nitakuja kuitazama yote miwili."

"Na kama yeye hatakuja?"

"Mimi nitakuja," alisema Bi Maryamu, akapungia gari mkono.

*

Jua lilikuwa linazama Mwatumu alipoteleza kupitia mlango wa uani. Bi Hajira alimvua baibui, akamkalisha mkekani, akakoroga hina mpya kwa maji ya ndimu. Sebuleni wanawake walikuwa wakichambua mchele na kucheka. Kila kicheko kilimchoma Mwatumu, kwa sababu wote wale walikuwa wakiandaa sherehe ambayo huenda isiwepo.

"Nianze?" aliuliza Bi Hajira.

"Subiri, somo. Subiri kwanza."

Wakangoja. Simu ilikuwa kando ya mto, mahali ilipokuwa mchana. Adhana ya magharibi ilisikika, ikaisha. Mtu alikuja kugonga akitaka ufunguo wa kabati, akapewa, akaondoka. Mwatumu alikuwa ameukunja mguu wa kushoto chini yake kama anayeuficha.

Simu ikalia. Mwatumu alirudi nyuma mpaka akagusa ukuta.

"Isome wewe."

Bi Hajira alichukua simu, akaisogeza mbali na macho yake, akaileta karibu, akaisogeza tena.

"Ni lugha gani?" aliuliza Mwatumu.

"Kiswahili."

Aliyataka mwenyewe hayo, na sasa hakuyataka. Katika Kiswahili hapakuwa na mahali pa kujificha. Kama ni hapana itakuwa hapana.

"Soma, somo."

Bi Hajira alisoma polepole, neno kwa neno, kama msomaji wa matangazo ya msiba.

"Bado naogopa. Jumamosi nakuja. Soksi nitazivaa." Aliinua macho. "Soksi gani hizo?"

Mwatumu alitaka kumjibu, lakini kilichomtoka kilikuwa kilio, na ndani ya kilio kulikuwa na kicheko, akajiziba mdomo kwa kanga ya Bi Maryamu ili sebuleni wasisikie. Bi Hajira alimngoja amalize. Kisha aliirudisha simu mahali pake, akavuta bakuli la hina karibu, akakunjua miguu.

"Haya," alisema. "Lete huo mguu mwingine."